Miwani ya Mtandaoni

Hatuwalaumu wanaoagiza miwani mtandaoni. Bei za madukani, kusema kweli, zinaelemea familia nyingi. Shaka yetu ni cheti cha macho. Aghalabu huonyesha nguvu ya lenzi ya kila jicho, lakini hakitaji umbali baina ya mboni mbili, ambao kwa watu wazima wengi ni kati ya milimita 54 na 74. Umbali huo ukikosewa, kitovu cha lenzi hukaa kando ya mboni. Kijana huumwa kichwa kila afunguapo kitabu, naye akasingiziwa uvivu. Mwombeni mpimaji auandike. Alama nazo zinakiliwe kwa makini: −2.00 si +2.00. Ama mtoto mdogo, miwani yake hulegea upesi. Huyo apelekwe dukani, fundi amrekebishie usoni.