MSUMBIJI: KANUNI YA UPEPO ISOMWE HADI MWISHO

Usiku wa kuamkia Machi 15, 2019, kimbunga Idai kilitua karibu na mji wa Beira, nchini Msumbiji. Zaidi ya watu 600 walipoteza maisha nchini humo, wengi wao kwa mafuriko, na zaidi ya madarasa 3,000 yaliharibiwa. Hata Hospitali Kuu ya Beira ilipoteza sehemu ya paa wakati majeruhi walipoihitaji kuliko siku nyingine yoyote. Aprili 25 mwaka huo huo, kimbunga Kenneth kiliipiga Cabo Delgado, jimbo tunalopakana nalo kwa mto Ruvuma. Na Desemba 15, 2024, Chido kikaiangukia wilaya ya Mecúfi katika jimbo hilo hilo.

Ndege za Jeshi letu zilipeleka chakula na dawa kwa ndugu zetu hao Machi 2019. Huo ulikuwa wajibu, nao ulitimizwa. Lakini hatuna budi kujiuliza: kwa nini paa moja hung'oka na jirani yake likabaki? Mara nyingi jibu halimo katika ukali wa upepo peke yake. Limo katika namna kanuni za ujenzi zilivyosomwa, au zilivyosomwa nusu.

Jambo la kwanza ni kasi. Kanuni hutaja kasi ya msingi, yaani upepo uliopimwa mita 10 juu ya ardhi iliyo wazi. Kanuni ya Uingereza ya mwaka 1972 ilihesabu dharuba ya sekunde 3. Kanuni za Ulaya za sasa huhesabu wastani wa dakika 10. Dharuba inaweza kuzidi wastani huo kwa theluthi moja au zaidi. Anayechukua tarakimu ya kanuni moja na kuitia katika hesabu ya kanuni nyingine hukosea vibaya, kwa sababu mzigo wa upepo hukua kwa mraba wa kasi. Upepo wa kilomita 90 kwa saa hutoa kani ya kilo 39 hivi kwa kila mita ya mraba. Kasi ikifika kilomita 180, kani haiwi maradufu. Huwa mara nne, yaani kilo 156.

Jambo la pili ni ule usemi wa "upepo wa miaka 50". Wengi hudhani maana yake ni kwamba upepo huo ukishapita, tumepumzika nusu karne. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka ipo nafasi 2 katika 100 ya kasi hiyo kupitwa. Kwa jengo litakalosimama miaka 50, nafasi hiyo inafika 64 katika 100.

Jambo la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi. Upepo haulikandamizi paa la bati tu, hulinyanyua. Mita moja ya mraba ya bati la kawaida haifiki kilo 5, basi uzito wake si kinga. Kwenye kingo na pembe za paa, mvutano unaweza kuzidi mara mbili ule wa katikati. Upenu mrefu hushikwa na upepo kutoka chini, na mlango ukivunjika, upepo huingia na kulisukuma paa kutoka ndani. Kwa hiyo misumari iliyotosha katikati haitoshi pembeni. Tena haitoshi bati kushikwa na papi: papi ishikwe na kenchi, kenchi ishikwe na ukanda wa zege juu ya ukuta, na ukuta ushikwe na msingi. Kiungo kimoja kikilegea, vingine vyote havina kazi.

Wenzetu wa Msumbiji hawakukaa kulalamika. Kwa msaada wa shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, walitayarisha miongozo ya shule salama kabla ya Idai, na madarasa yaliyojengwa kwa kuifuata yalistahimili kimbunga hicho. Huo ni ushahidi kwamba kinachotakiwa ni nidhamu ya ujenzi.

Na sisi tusijidanganye kwamba upepo hukoma Ruvuma. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, na Hidaya kilifika Mafia Mei 2024. Siku ya maafa wananchi hukimbilia kambini na kituoni. Askari ambaye paa lake limekwenda hawezi kumwokoa mwingine. Magari, redio na dawa zake zimelowa. Kwa hiyo, kabla msimu wa vimbunga haujaanza Novemba, kila kamanda na amwite mhandisi wake, wapande juu pamoja, waanzie kwenye pembe za paa, na wafuate kila kiungo mpaka kwenye msingi.