Arosto Ndiyo Imtumayo Kijana

Kuna neno ambalo wazee wetu hawakulijua, na ambalo leo katika mitaa ya Mombasa, Malindi na Lamu hata mtoto wa chuoni akiulizwa atakueleza maana yake. Neno lenyewe ni arosto, yaani ile hali inayomshika mtumiaji unga anapoukosa. Nalitaja mwanzo kwa sababu kila nisikiapo watu barazani wakizungumza habari za mateja, mazungumzo huwa ni juu ya starehe: kwamba vijana hawa wamependa raha, wamekataa kazi, wamekosa radhi za wazee wao. Mimi naona kwamba ni neno hili arosto, wala si raha, lielezalo tabia tunayoiona na kuichukia.

Heroini hutokana na utomvu wa mmea ule ule utoao afyuni, yaani kasumba. Ikiingia mwilini hugeuka kuwa mofini, na mofini hukaa ubongoni mahali palipoumbwa kwa ajili ya vituliza maumivu ambavyo mwili hujitengenezea wenyewe. Siku za mwanzo mtu husikia joto na utulivu, na dhiki zote zikamwondokea. Raha hiyo ipo, na anayesema haipo anawadanganya vijana, nao wanajua kwamba wanadanganywa. Lakini mwili ukiletewa kitu hicho kutoka nje kila siku hujizoeza nacho, na kiasi kilichotosha jana leo hakitoshi. Baada ya majuma machache ya kutumia kila siku, mtu havuti tena ili alewe. Avuta ili awe kama wewe na mimi tulivyo bila ya kuvuta.

Na akikosa? Saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho huanza kupiga miayo. Pua na macho hutoka maji, vinyweleo humsimama kama mwenye baridi, tumbo humsokota na kumwendesha, miguu haitulii na usingizi humhama. Hali huzidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua kidogo kidogo kwa muda wa juma moja au zaidi. Sasa mtazame kijana aliyeiba sufuria ya mamake, au aliyebeba viatu vya watu mlangoni mwa msikiti baada ya sala ya Alfajiri. Huyo hakwenda kutafuta starehe. Anakimbia maumivu ambayo saa yake ya kufika anaijua vyema. Siutetei wizi, na mwenye sufuria ana haki yake. Nasema tu kwamba mtu anayekimbizwa hivyo hasikii nasaha, hata atoe nasaha hiyo nani.

Jambo hili lilidhihirika mwisho wa mwaka wa 2010, unga ulipoadimika ghafla hapa pwani. Wangekuwa ni watu wa starehe tu, wangerudi makwao na mambo yakaisha. Haikuwa hivyo. Watu walishikwa na arosto kwa pamoja, wengine wakashirikiana sindano, wengine wakachanganya vidonge na pombe na chochote walichokipata.

Wala si mkosi ulioshuka juzi. Unga ulianza kuonekana katika miji yetu miaka ya 1980. Ulikuwa ule wa rangi ya kahawia ulioitwa braun shuga, ukivutwa kwa moshi au kuchanganywa na bangi katika msokoto ulioitwa kokteli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja mweupe, mwepesi wa kuyeyuka katika maji, na pamoja nao zikaja sindano, na pamoja na sindano maradhi ya ukimwi na ya ini. Njia ni ile ile ya jahazi iliyotuletea tende na mazulia. Mnamo Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata jahazi moja karibu na Mombasa likiwa na zaidi ya kilo 1,000 za heroini. Shehena kama hizo aghalabu huwa zapita tu kwenda kwa wenye fedha zaidi, lakini makombo yake ndiyo yanayotumaliza.

Kwa nini kijana aanze? Wengi huanzia maskani, kwa kupewa na rafiki. Na wanawake wengi huanza kwa kupewa na mume au mpenzi. Nguvu ya mahali na ya wenzi ni kubwa kuliko tudhanivyo. Wakati wa vita vya Vietnam askari wa Marekani waliikuta heroini ya bei rahisi, na karibu mmoja kati ya 5 akawa mtumwa wake. Mtaalamu Lee Robins aliwafuatia waliporudi kwao miaka ile ya 1970, akakuta kwamba katika mwaka wa kwanza ni kiasi cha 5 tu katika kila 100 ya watumwa hao waliourudia utumwa. Sidhani kwamba askari wale walikuwa na imani kuliko watoto wetu. Walibadilishiwa mahali, marafiki na kazi ya kutwa. Kijana wetu arosto ikimtoka, hurudi maskani ile ile, kwa watu wale wale.

Na hapa pana jambo linaloniuma. Kwa kutafuta sitara, jamaa humfungia kijana chumba cha nyuma siku 10, akasomewa Yasin na kunyweshwa kombe, jirani asijue. Kisomo ni kizuri, sina neno nacho. Kijana hutoka amenawiri, nyumba ikamshukuru Mungu. Kisha siku moja hukutana na wenziwe, akatumia kiasi kile kile alichokizoea zamani. Mwili umekwisha kukisahau. Heroini hupunguza pumzi. Kijana hulala asiamke. Ipo dawa iitwayo nalokisoni ambayo ikiwahi humrudishia mtu pumzi, lakini nani ataiitia dawa ya jambo ambalo nyumba nzima imeapa halipo? Mazikoni tunaambiwa ilikuwa homa.

Tangu mwaka wa 2015 Malindi, kisha Kisauni, zipo kliniki za serikali zitoazo methadoni. Mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu kila siku, na kipimo kimoja humshikilia mchana na usiku. Akipimiwa sawasawa halewi, wala arosto haimshiki, akaweza kushika kazi. Nimesikia watu wakisema kwamba huko ni kuondoa haramu kwa haramu. Nawaheshimu, lakini wanavyuoni wametufundisha kwamba sharia imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Katika habari ya unga sisi tumelishika moja tu, akili, tukaisahau nafsi. Maiti hana akili ya kuhifadhiwa.

Lililobaki ni la utaratibu, na linaweza kumalizwa na watu wachache wakiketi pamoja. Mwezi wa Ramadhani kliniki itoayo dawa mchana peke yake humweka Mwislamu baina ya saumu yake na kipimo chake, na wapo watakaoiacha dawa bila ya kumwuliza tabibu, wakarudia sindano kabla ya Idi. Maadamu kipimo hukaa siku nzima, mlango ukifunguliwa baada ya futari mtu atafunga na dawa asiikose. Maimamu wetu na wakuu wa afya wa kaunti walizungumze hilo mapema, kabla ya Shaaban kwisha.