Usimcheke Mtu wa Shamba

Kila mwanzo wa mwaka wafikapo wanafunzi wapya, wako wenzetu wasio na kazi ila kuwacheka wale watokao shamba: mwendo wao, viatu vyao, na matamshi yao. Wakiulizwa hujibu, "Ni mzaha tu." Mimi naona mzaha huo si mwema, na shahidi wangu ni mchezo mmoja wa kuchekesha.

Tarehe 15 Machi, 1955, watu wa Marekani walionyeshwa katika televisheni mchezo uitwao "No Time for Sergeants", uliotokana na kitabu cha Mac Hyman cha mwaka 1954. Siku hizo michezo mingi ilionyeshwa papo hapo, wachezaji wakicheza na watu wakitazama majumbani saa ile ile. Aliyekosea hakuwa na nafasi ya kurudia. Mchezaji mkuu alikuwa Andy Griffith wa North Carolina, ambaye hapo kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari. Mchezo ulipendwa, hata mwaka ule ule ukachezwa jukwaani New York, na mwaka 1958 ukawa filamu.

Habari yenyewe ni ya Will Stockdale, kijana wa shamba aliyeingizwa katika jeshi la anga. Katika filamu, sajini wake ampa kazi ya kusafisha vyoo siku zote. Will hajui kwamba adharauliwa. Adhani amepewa cheo! Basi avisugua hata vyang'aa. Mkubwa ajapo kukagua avisifu, kisha apata kujua yaliyotendeka. Amwonya sajini kwamba asipomtengenezea kijana huyu mambo yake upesi, vyoo hivyo atavisafisha yeye mwenyewe.

Watazamaji hucheka sana. Lakini angalieni: Will hana kinyongo wala hamdhuru mtu. Aliyedhani ni mwerevu ndiye aaibikaye.

Wengine watasema kwamba shule bila utani ni kama mchuzi bila chumvi. Nakubali. Lakini utani ni ule ambao mtaniwa naye aweza kuucheka. Mtoto aliaye usiku chini ya blanketi hakutaniwa, ameonewa.

Shauri langu ni kwamba chama chetu cha michezo kitayarishe mchezo wa namna hii mwaka huu, na mmoja wa wageni apewe sehemu kubwa.

Nanyi wanafunzi wa zamani, waambieni wadogo zenu kweli: ni wangapi kati yenu mliofika hapa siku ya kwanza mmevaa viatu?