Nguvu za kiume: kidonge cha barabarani kinaficha nini?

Goma kama Bukavu, mwanaume ambaye nguvu zimeanza kumupungukia anajua mahali dawa inauzwa mbele ya kujua munganga wa kumuona. Sokoni na kwenye farmasi ndogo za kando ya barabara, kidonge kinatolewa bila karatasi ya munganga. Hakuna anayemuuliza kitu, na hiyo ndiyo inamupendeza.

Shida ni kwamba angeulizwa, pengine angepona. Ili uume usimame, damu inapashwa kuingia kwa wingi na kubakia. Mishipa yake ni myembamba kuliko ile ya moyo, kwa hiyo ikianza kuharibika, inaonekana huko kwanza, pengine miaka 2 mpaka 5 mbele ya moyo kusumbua. Sukari, tansio na tumbako ndivyo vinaiharibu. Mutu wa miaka 45 anayemeza kidonge kila posho anaweza kuwa na sukari ambayo haijapimwa hata siku moja.

Sildenafili yenyewe si sumu. Ilianza kuchunguzwa kwa maumivu ya kifua, na Marekani iliikubali mwaka 1998 kwa ajili ya shida hii ya wanaume. Lakini mwenye kutumia dawa za moyo za aina ya nitrati, kama trinitrini, akiimeza, tansio inaweza kushuka mpaka kumuua. Na wale wanaojitetea kwamba wanakula mizizi tu? Katika inchi nyingi, unga unaoitwa wa asili ulipopimwa ulikutwa na sildenafili ndani, bila kuandikwa popote.

Kuna pia mawazo. Tangu benki za Goma zifungwe Januari 2025, baba wengi wanalala na deni. Kama uume ungali unasimama asubuhi, mara nyingi mwili uko sawa, kichwa ndicho kimelemewa. Lakini nyumbani anashitakiwa bibi: amemuloga, ao ana mwengine. Ndoa inavunjika kwa jambo ambalo tone moja la damu lingeweza kueleza.

Tuseme ukweli, vituo vya afya navyo havimurahisishii. Kwa miaka mingi huku mashariki afya ya uzazi imekuwa mambo ya wanawake, na kwa sababu ya ubakaji ilikuwa haki. Baba hana mulango wake. Anangoja pamoja na majirani, kisha anaeleza mbele ya pazia. Hata anayefuatwa kwa tansio mara nyingi haulizwi, ijapokuwa dawa fulani za tansio zinaweza kupunguza nguvu. Akijigundulia mwenyewe, anaziacha kimya-kimya. Hapo ndipo kiharusi kinamukuta. Kuuliza hakuombi mashine wala feza.

Mwenye shida hiyo kwa miezi 3 apimwe tansio na sukari, aonyeshe dawa zote anazomeza, hata za mizizi. Na uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kulala, ni hopitali saa ileile, haya ao hakuna haya.