Tamthilia zisizofika ng'ambo

TANGU Daraja la JP Magufuli lifunguliwe Juni 19, 2025, sisi wa Busisi tunavuka kwenda Kigongo kwa dakika chache tu. Foleni ya kivuko imebaki hadithi. Ajabu ni kwamba jioni tukiwasha king'amuzi tunarudi kwenye foleni ile ile: tamthilia imeshapakia abiria, honi imelia, lakini chombo hakiondoki.

Mzazi mwenzangu, unaijua hali hiyo. Jumatatu mke anakaribia kugundua siri ya mumewe. Jumanne amesimama mlangoni. Jumatano simu inaita. Alhamisi anaipokea. Ijumaa tunaonyeshwa nyuso za watu watano, muziki unapanda, basi, hadi wiki ijayo.

Sababu zipo. Tamthilia za Kituruki tunazozipata zikiwa zimeingizwa sauti za Kiswahili, kama Sultan, kwao huonyeshwa mara moja kwa wiki, na kipande kimoja huchukua kama saa mbili. Zikiuzwa nje hukatwa vipande vifupi. Ndiyo maana kipande kingine huanza na kuisha bila jambo lolote kutokea. Za kwetu, kama Huba iliyoanza 2017 na Jua Kali ya Lamata, zina mzigo mwingine: kujaza jioni nyingi za mwaka kwa wahusika wale wale. Mwandishi akifichua siri mapema, wiki ijayo ataandika nini?

Lakini si lazima iwe hivyo. Siri ya Mtungi, iliyopigwa Bagamoyo na kuanza kurushwa 2012, ilimaliza safari yake kwa vipande 26, na hadi leo watu wanamkumbuka Cheche, mpiga picha.

Mwendo wa taratibu wenye kitu ndani mimi naupenda. Mkwe na mama mkwe wakipika pamoja bila kusemeshana, hapo kuna maneno mengi kuliko kwenye makofi matatu. Kinachonikera ni ucheleweshaji unaotegemea jambo moja: watu wa nyumba moja kutoambiana ukweli. Angalia vizuri. Laiti mtu mmoja angekaa na mwenzake dakika kumi, nusu ya msimu ingeishia hapo.

Na hapo ndipo watoto wetu wanapoingia. Anayekaa macho hadi saa nne usiku hapotezi usingizi tu. Kila siku anaona kwamba mkubwa akiwa na tatizo hulificha, hutega sikio mlangoni, humtuma mtu. Binti wa darasa la saba akisumbuliwa njiani, nani amemwonyesha kwamba jambo kama hilo husemwa siku hiyo hiyo?

Sisemi tuzime televisheni. Vipande vingi hurudiwa. Mtoto aangalie marudio mchana wa wikiendi, nawe ukiwa karibu. Ruka wiki nzima uone umepitwa na nini. Mara nyingi utamkuta mama yule yule mlangoni pale pale. Na siri ikivutwa mno, uliza hapo sebuleni: "Ungekuwa wewe, ungemwambia nani?" Kisha nyamaza, usikilize.

Akikutaja wewe, shukuru. Akimtaja rafiki, au akakosa wa kumtaja, una kazi ya kufanya kabla msimu mpya haujaanza.