Kobalti inatoka Katanga, moteri inarudi imefungwa: nani atafundishwa kuifungua?

Tangu tarehe 16 mwezi wa kumi 2025, kobalti ya Congo haitoki tena bila kipimo. Serikali imeweka kiwango: kwa mwaka 2026 na 2027, tani 96 600 kila mwaka. Mbele ya hapo, tangu mwezi wa pili 2025, mlango ulikuwa umefungwa kabisa juu bei ilikuwa imeanguka sana. Congo inatoa karibu tani saba kwa kila tani kumi za kobalti inayochimbwa duniani, na hiyo kobalti inatoka Lualaba na Haut-Katanga.

Lakini swali la wakaaji wa Lubumbashi halijabadilika: makuta iko wapi, na kazi ya vijana iko wapi?

Jibu la serikali ni batri. Mwezi wa nne 2022, kituo cha Afrika cha utafiti wa batri kilifunguliwa kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Tarehe 29 ya mwezi huo, Congo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza batri za magari ya umeme pamoja. Mpango ni mzuri. Ila kuna kifaa kimoja ambacho hakisikiki sana katika hotuba: kontrola, kile kisanduku kinachokaa kati ya batri na moteri.

Kontrola inafanya kazi gani?

Batri peke yake haijui kwenda polepole. Ndani ya kontrola kuna transista zinazofungua na kufunga umeme mara elfu nyingi kwa sekunde moja. Zikifungua kwa muda mrefu zaidi, moteri inakimbia; zikifungua kidogo, inapunguza mwendo. Kontrola ikiungua, batri na moteri zinaweza kuwa nzima, lakini chombo hakitembei.

Somo la roboti za kupigana

Watu ambao wamejifunza sana kubadilisha kontrola ni wale wanaotengeneza roboti za kupigana, kule Marekani na Uingereza. Si roboti za vita, ni mchezo: mashine mbili zinagongana ndani ya uwanja uliofungwa. Zile nzito za Marekani zinafika kilo 113.

Roboti ya namna hiyo inageuza mwendo ghafla, inasukuma mwenzake mpaka magurudumu yanakwama. Moteri iliyokwama inavuta umeme mara nyingi kuliko ile inayozunguka, na transista zinaungua. Ndiyo maana mafundi wanafungua kontrola ya kununua na kuibadilisha. Wanachomelea shaba nene juu ya njia za umeme. Wanaongeza kapasita karibu na transista, juu waya mrefu wa batri unaleta mishtuko ya umeme. Wanaweka bamba la alumini na feni ya kupoza. Kontrola za ndege za kuchezea, ambazo zinazungusha upande mmoja tu, wanazibadilishia programu ili roboti iweze kurudi nyuma.

Ni kazi ya kuangalia sana: kapasita inaweza kubakiza umeme hata batri ikitolewa, na batri ya lithiamu ikiumizwa inawaka. Lakini haihitaji kiwanda. Mhandisi wa Sweden, Benjamin Vedder, alitoa bure michoro na programu ya kontrola yake, VESC, ili kila mtu ajifunze.

Hiyo inatuhusu namna gani?

Kisanduku sawa na hicho kiko ndani ya pikipiki za umeme na pampu nyingi za sola. Kikiungua Kalemie ao Bukavu, na fundi hajui kukifungua, mwenyewe analazimika kununua kipya kutoka ng'ambo. Shaba iliyo ndani yake inaweza kuwa imetoka hapa hapa.

Uwezo wa kujifunza upo. Mwaka 2013, mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake waliweka roboti za kuongoza magari katika barabara za Kinshasa, zilizotengenezwa na Wakongomani.

Ni kweli, kutengeneza kontrola hakutaleta makuta kama migodi, na viwanda vya transista vinadai mabilioni ya dola. Kiwanda cha batri nacho kinangoja umeme usiokatika, barabara na wawekezaji. Lakini darasa la kufungua, kupima na kurudishia kontrola linahitaji meza, chuma cha kuchomelea, kifaa cha kupimia umeme na mwalimu anayejua. Lubumbashi iko na chuo kikuu, na iko na shule za ufundi za miaka mingi sawa vile zile za Wasalesiani.

Kiwango cha kobalti kinaweza kupandisha bei. Hakifundishi mtu kazi. Kwa hiyo, wakubwa wakirudi kuzungumza juu ya batri, wakaaji wanaweza kuwauliza jambo moja linaloonekana kwa macho: ni shule ngapi za ufundi za Haut-Katanga, Tanganyika na Kivu ambazo zimepata hiyo meza, na mwalimu wake?