Tufundisheni Mfupa, Machozi Tunayo

Kila mwaka wanakuja na boksi la rangi. Wanatugawia karatasi, soda na biskuti, halafu wanasema: "Choreni mliyopitia." Na sisi tunachora: nyumba inaungua, mtu amebeba godoro, askari. Wanapiga picha, wanapanda gari. Nyumba ile nimeichora mara nne, na mara zote nne mtu wangu alikuwa na mikono kama uma wa kulia chakula. Wote walisema "vizuri sana."

Ndugu zetu wa mashirika, hiyo siyo heshima. Ukimsifu mtu mzima kwa kazi mbovu kwa sababu tu ni mkimbizi, umeshaamua kwamba hana pa kufika.

Mkono nilijifunza sokoni. Fundi cherehani mmoja aliniruhusu nikae pembeni nimchore akishona. Nilikosea miezi. Sikuelewa kwa nini mkono wake, toka kiwiko mpaka kiganja, unabadilika umbo kila akigeuza kitambaa. Basi muuguzi mmoja, Mkongomani mwenzetu, akanishika mkono: "Mdogo wangu, humu mna mifupa miwili. Ukilaza kiganja chini, mmoja unapita juu ya mwenzake." Nikageuza, nikausikia kabisa. Katika kitabu chake cha uuguzi, kimechakaa hicho, nilikuta kwamba toka kifundo cha mkono hadi ncha za vidole kuna mifupa 27. Nimeichora yote. (Mchungaji akaniuliza mbona siku hizi nachora watu bila ngozi.)

Nikajifunza pia kwamba mtu mzima ana urefu wa vichwa saba na kitu, lakini mtoto mchanga ni kama vinne tu. Kumbe watoto wote niliowachora mgongoni mwa mama zao walikuwa wazee wadogo!

Mtasema michoro ile ni ya kutuliza moyo, siyo shule. Sawa, wapo inaowasaidia. Mimi mama yangu hakuacha picha hata moja. Tulitoka Uvira usiku, mikono mitupu. Nikikosea bega lake, hakuna pa kwenda kulinganisha. Hilo linanitesa kuliko ile nyumba.

Mwakani bakini na biskuti. Leteni mwalimu wa kuchora, akae hata miezi mitatu, pamoja na chati ya mifupa kama zile za zahanati. Fundi cherehani keshakubali kukaa tumchore, ila anataka alipwe muda wake.